Desturi ya Kumwonyesha Kijana Kiwanja: Habari za Ardhi na Nyumba Katika Nchi ya Ilagala

Tumekusudia kueleza katika kurasa hizi jinsi vijana wa Ilagala, na wa pwani ile ya Ziwa Tanganyika, walivyokuwa wakipata mahali pa kujenga nyumba tangu zamani hata leo. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni dogo, la mafundi na wauza bati tu. Sivyo. Mwalimu ye yote aliyekaa vijijini ajua kwamba kijana amalizaye shule haulizi tu, "Nitafanya kazi gani?" bali auliza pia, "Nitakaa wapi?" Na wazee wajua, ijapokuwa hawasemi, kwamba swali hilo la pili lawahusu wao.

Neno tutakalojaribu kulionyesha ni hili: hapo zamani kumpa kijana ardhi kulikuwa deni la mzee. Katika muda wa miaka mia na zaidi deni hilo limehamishwa kidogo kidogo kutoka mabegani mwa wazee, likawekwa juu ya vijana wenyewe. Wala hakuna siku hata moja ambayo watu walikaa barazani wakakubali lihamishwe.

Nchi na watu wake

Ilagala iko kusini ya Ujiji, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi waingia ziwani. Tangu 2012 imekuwa katika Wilaya ya Uvinza. Kabla ya hapo ilihesabiwa katika Wilaya ya Kigoma Vijijini. Ni nchi ya makutano. Kutoka kaskazini walikuja Waha na ndugu zao Wajiji. Juu ya mto wako Wavinza, ambao chumvi yao ilijulikana mbali sana. Kusini ni nchi ya Watongwe. Na kutoka ng'ambo ya ziwa walivuka Wabembe na Wamanyema. Kazi yao ni kulima mihogo, kuvua dagaa na migebuka, na kukamua mawese.

Watu wameongezeka sana. Katika hesabu ya mwaka 1967 Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu wapatao 470,000. Mwaka 2012 walipita 2,100,000, na mwaka 2022 walikuwa wapatao 2,470,000. Basi pale alipokuwa mtu mmoja katika siku za babu, leo wako watano, na ardhi ni ile ile.

Maneno yenyewe yasemavyo

Kabla ya kueleza desturi, na tuyatazame maneno, maana lugha hutunza mambo ambayo watu wameyasahau. Katika Kirundi na lugha za jirani zake, inzu ni nyumba ya kukaa, tena ni watu wa jamaa moja. Umuryango ni mlango wa kupitia, tena ni ukoo. Kiswahili nacho hakiko mbali: twasema watoto ni wa nyumba moja, na twasema mtu ni wa mlango fulani. Kijana akioa, watu husema amepata jiko. Na jiko halipatikani pasipo mahali pa kuliweka.

Kinyume chake ni neno mhuni. Leo laeleweka kuwa ni mtu wa tabia mbaya. Walakini katika Kiswahili cha bara limetumika pia kwa mtu asiyeoa, yaani mtu asiye na kwake. Hapo twaona lugha ikitoa hukumu: asiye na nyumba alihesabiwa kuwa karibu na mpotevu. Hukumu hiyo ilikuwa na haki yake wakati kila kijana alipoweza kupewa mahali. Je, ina haki leo, ikiwa mahali penyewe hapatolewi?

Desturi ya kale

Katika nchi za Waha, juu ya watu alikuwako mwami, na chini yake watwale. Walakini mambo ya ardhi yalikuwa na mtu wake mwingine, aitwaye mteko. Wateko walikuwa wenyeji wa tangu awali, na wakuu wenyewe waliwaheshimu. Mteko ndiye aliyeitunza ardhi kwa sala na sadaka za kimila, na ndiye aliyemwonyesha mtu mahali pa kulima na kujenga. Mtu alikwenda kwake na zawadi, aghalabu pombe. Haikuwa bei, kwa maana bei hupatanwa, na tena hufukuza asiye nayo. Zawadi ilikuwa ishara ya kwamba mtu amekuja kwa heshima.

Mara nyingi kijana hakuwa na haja ya kwenda mbali. Alikuwa amemlimia baba yake tangu utoto, na baba naye alikuwa na wajibu wake: kumtolea mali ya kuolea, iwe majembe au ng'ombe, na kumwonyesha mahali pa kujenga. Nyumba yenyewe haikuwa kazi ya mtu mmoja. Miti na nyasi zilikuwa porini, nyumba ya msonge ilisukwa na kuezekwa kwa ujima, na mwenye nyumba aliwapa wenzake chakula na pombe. Gharama yake kubwa ilikuwa jasho na ujirani mwema.

Hatusemi kwamba siku hizo zilikuwa za raha tupu. Mzee aliyemchukia mwanawe aliweza kumchelewesha, na mwenye ng'ombe wengi aliwafunga watu kwake kwa kuwaazima ng'ombe. Binti hakupewa ardhi kwa jina lake. Aliipata kwa kuolewa. Walakini kulikuwa na mlango wa kutokea: kijana aliyedhulumiwa aliweza kuhama, akamtafuta mteko mwingine, kwa sababu ardhi ilikuwa nyingi kuliko watu. Mzee alilijua hilo, nalo lilimzuia asizidi kiasi. Ardhi tupu iliyokuwa mbele ya macho ya kijana ilimsaidia kuliko maneno ya watetezi wengi.

Kodi yaingia nyumbani

Mnamo 1897 serikali ya Wadachi iliamuru kodi ya nyumba. Nyumba, ambayo zamani ilihesabiwa kwa watu waliomo, sasa ilihesabiwa kwa fedha. Katika sehemu nyingi za Afrika watu walijibana wengi katika nyumba moja ili kupunguza kodi, na kijana akachelewa kutoka kwa baba yake, si kwa kukosa miti wala nyasi, bali kwa kuogopa rupia. Waingereza walipochukua nchi walitoa sheria yao mwaka 1922, na humo waliunganisha kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Mwanamume mzima asiye na nyumba ya kulipiwa alitozwa kichwa chake. Basi kijana alitozwa akijenga, na asipojenga alitozwa vile vile.

Fedha ilitoka wapi? Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Njia iliyoleta nguo na vyombo ndiyo iliyowachukua vijana kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha shirika la kuandika wafanya kazi, na nchi ya Kigoma ilikuwa miongoni mwa sehemu walikotafutwa.

Na tulitazame badiliko hili kwa makini. Manamba aliporudi na shilingi zake alilipa kodi, akanunua ng'ombe, akatoa mahari yeye mwenyewe. Baba alipona mzigo. Wengi walifurahi, na kijana mwenyewe alijiona mtu huru. Walakini nusu ya deni la mzee, yaani mali ya kuolea, ilikuwa imehamia kwa kijana. Ilibaki nusu ya pili, nayo ni ardhi.

Miaka ya kuhamishwa

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali iliwahimiza watu kukaa pamoja katika vijiji. Mwanzo lilikuwa shauri la hiari; baadaye likawa amri. Mkoa wa Kigoma ulikuwa kati ya mikoa ya kwanza: Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla ya tangazo la Novemba 1973 kwamba wakulima wote wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa 1976. Watongwe, waliokuwa wakikaa kaya chache chache milimani na porini, waliteremshwa wakawekwa katika vijiji vikubwa, vingi vikiwa pwani ya ziwa. Nyuma yao walibakiza mahame.

Kazi hiyo ilileta shule, zahanati na barabara karibu na watu, nasi walimu ndio tulio wa kwanza kukiri faida yake. Walakini kwa habari ya vizazi ilifanya jambo ambalo halikuonekana siku ile. Viwanja viligawiwa mara moja, kwa wenye kaya waliokuwako. Kijana wa miaka 25 aliyepewa kiwanja mwaka 1974, kama alikuwa hai mwaka 2022, alikuwa na miaka 73. Watoto wake na wajukuu wake walizaliwa baada ya mgawo kwisha. Tena ule mlango wa zamani, wa kuhama na kumtafuta mteko mwingine, ulikuwa umefungwa. Kwa maana kijiji sasa kina mipaka, na ng'ambo ya mpaka ni kijiji kingine au ni msitu uliohifadhiwa. Milima ya Mahale, kusini zaidi katika nchi ya Watongwe, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Sheria imeupa mgawo ule nguvu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yathibitisha viwanja vilivyogawiwa katika operesheni kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Ilikuwa haki kufanya hivyo, maana bila hivyo vijiji vingejaa kesi. Walakini tuone pia kwamba kizazi kimoja kilipewa ardhi bure na kikathibitishiwa, na vizazi vilivyofuata havikupata siku ya namna hiyo.

Mti ulioshika ardhi

Sasa twafika kwenye mchikichi, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Shamba la mihogo halimshiki mtu milele. Udongo ukichoka mtu huliacha, na mwingine aweza kuonyeshwa pale pale. Mchikichi sivyo. Ukipandwa huzaa baada ya miaka michache, ukaendelea kuzaa vizuri miaka 25 na zaidi, na ile ya zamani husimama mirefu hata mpandaji ahitaji moyo wa kupanda mnara. Aliyeupanda amelifunga shamba kwa umri wa mtu mzima.

Tena iko habari ya bei. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923 nchi ilihesabiwa kuwa mali ya umma, na baada ya uhuru wazo hilo lilitiwa nguvu: ardhi haina bei, chenye bei ni kile mtu alichokiongeza juu yake, kama nyumba na miti. Wazo lilikuwa zuri, nalo lilikusudiwa kuwalinda wanyonge. Walakini asiyeruhusiwa kuuza ardhi aliruhusiwa kuuza michikichi iliyo juu yake. Na nani anunuaye michikichi akaacha udongo unaoilisha? Mti ukawa nguo ya kufunika bei ya ardhi. Hata sera ya taifa ya mwaka 1995 ilipokubali waziwazi kwamba ardhi ina thamani, ilikuwa yasema jambo ambalo wenye mashamba walikuwa wamelijua siku nyingi.

Basi mwenye michikichi ana shamba, ana mawese, ana kitu cha kuuza siku ya shida. Kijana ana nguvu za miguu na mikono. Yeye ndiye apandaye juu ya mti, akatae chane, azibebe hadi mahali pa kukamulia, na jioni alipwe ujira wake. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Katika mashamba mengi twaona mmoja akichuma juani na mwingine akila kivulini, na yule wa juani aambiwa angoje zamu yake. Zamani zamu hiyo ilikuja. Leo, kwa sababu watu huishi miaka mingi kuliko zamani, jambo ambalo ni la kushukuriwa, mwana aweza kuwa na mvi kabla hajarithi.

Tangu 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotangaza mkazo mpya juu ya zao hili, serikali imehimiza upandaji wa michikichi ya aina bora, na kituo cha utafiti cha Kihinga mkoani Kigoma chazalisha mbegu zake. Twausifu mpango huo. Walakini kila mche upandwao ni kufuli ya miaka 25 juu ya kipande cha ardhi, na kijiji kinapopanda kwa wingi ndipo kinapopasa kuuliza: funguo zitakuwa mkononi mwa nani?

Kijana aweza kutafuta fedha ziwani. Wengi hufanya hivyo, wakivua dagaa kwa taa usiku katika vyombo vya watu wengine. Walakini ziwa nalo lina wakati wake. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tangu Mei 15 hata Agosti 15 ili samaki wapate kuzaana. Ni amri ya busara, lakini ni miezi mitatu isiyo na shilingi kwa mtu asiye na shamba. Na siku hizi nyumba ya kusifiwa ni ya matofali ya kuchoma na bati, ambayo ujima hauwezi kuimaliza, kwa maana bati haliokotwi porini.

Mfano wa Wanyakyusa

Ili tusidhani kwamba haya ni ya Ilagala tu, na tutazame kabila jingine la nchi yetu, Wanyakyusa wa Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa kwao kati ya 1934 na 1938 wakiandika habari zao. Huko wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walitoka nyumbani wakajenga kijiji chao pembeni, wakala kwa mama zao na kulala kwao. Walipokua wakaoa, walikaa pale pale, kila mtu na rika lake. Na mara moja katika kila kizazi, yapata miaka 30 hivi, ilifanywa sherehe kubwa ya kutokea, iitwayo ubusoka: wazee waliwakabidhi wana wao utawala, na ardhi ikapangwa upya ili vijana wapate nafasi. Wazee walisogea kando wangali hai.

Hapa pana fundisho kubwa. Watu hao hawakungoja mauti iwagawie vijana nchi. Waliweka siku, nayo ilijulikana na wote. Lakini kahawa ilipoingia, mambo yaligeuka. Mkahawa, kama mchikichi, ni mti wa kudumu. Aliyeupanda hakutaka kusogea, na wana wakaanza kurithi shamba la baba badala ya kugawiwa pamoja na rika lao. Philip Gulliver aliandika habari za badiliko hilo mwaka 1958. Watu walipozidi na ardhi ikapungua, vijiji vya marika vikafifia. Haikutokea kwamba wazee wa Rungwe wamekuwa wabaya kuliko baba zao. Mti wa kudumu uliingia katika desturi iliyotengenezwa kwa mazao ya msimu, na hakuna aliyeitengeneza desturi upya. Ndivyo tuonavyo Ilagala pia.

Mabinti

Kosa lingekuwa kusema "kijana" na kumfikiri mwanamume peke yake. Kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, ziliweka daraja tatu: mwana wa kwanza wa kiume hupata fungu kubwa kuliko wengine, wana wengine wa kiume wako daraja la pili, na mabinti la tatu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika kesi iliyotoka Mkoa wa Kagera, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawasawa na mwanamume. Na sheria ya mwaka 1999 yasema kwamba mila yo yote iwanyimayo wanawake, watoto au walemavu haki ya kupata na kutumia ardhi ni batili. Binti wa Ilagala aliyeachwa na mumewe, akarudi kwa kaka yake akakuta shamba lote limeshikwa, ndiye aliye nyuma kabisa katika foleni tunayoieleza.

Neno la upande wa wazee

Haki yadai tuwasikilize wazee pia, nao wana hoja. Mzee wa kijijini hana pensheni. Michikichi yake ndiyo pensheni. Aliipanda kwa mikono yake na kumwagilia miche kwa maji ya kichwani. Amewaona wenzake waliogawa mashamba mapema, kisha wana wakauza na kwenda mjini, na mzee akabaki akiomba chumvi kwa jirani. Hofu hiyo haikuzuka bure, na mwalimu au padre atakayewahubiria wazee habari ya ukarimu bila kuigusa hofu hiyo atasikilizwa kwa adabu, kisha mambo yatabaki kama yalivyokuwa.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mzee anyang'anywe. Twasema kwamba deni lirudishwe mahali pake na kulipwa kwa namna iwezekanayo leo. Wakati ufaao upo, nao ni wakati wa kupanda upya. Michikichi mirefu ya zamani yakatwa ili miche mipya ipandwe. Na katika miaka ya kungoja mazao mzee ahitaji nguvu za kijana kuliko wakati wo wote. Hapo ndipo penye mapatano: kabla mche wa kwanza haujatiwa ardhini, shamba lipimwe, sehemu ya kijana ionyeshwe, iwe ya binti au ya mwana, na sehemu ya mzee ibaki yake hata kufa kwake, huku kijana akiahidi kuitunza. Wakikwisha kupanda pasipo mapatano, itawapasa kungoja miaka 25 mingine.

Sheria iliyopo na kazi yetu

Mambo mawili yaliyo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji hayajulikani sana, nasi twadhani yapasa kufundishwa. La kwanza, Halmashauri ya Kijiji si mwenye ardhi. Ni kama mdhamini aitunzaye kwa ajili ya wengine, wala haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Katika mkutano huo kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana sauti. Kijana aliyekwenda ziwani siku ya mkutano, au aliyeona kwamba ni mambo ya wazee, ameacha mlangoni kitu ambacho babu yake hakuwa nacho.

La pili, sheria hiyo yaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya wote, ya watu na jamaa waliokwisha kuishika, na ile iliyo akiba ya kugawiwa baadaye. Fungu hilo la tatu ndilo mteko wa siku hizi. Ni ardhi ya watu ambao bado hawajazaliwa au wangali darasani kwetu. Kijiji ambacho hakijaliandika na kulipima, kitaliona likiliwa kipande kwa kipande na wenye fedha, wa ndani na wa nje, hata siku ya kulitafuta lisionekane. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hayo ndiyo tuliyoyaona. Desturi ya kumwonyesha kijana kiwanja ilitegemea mambo mawili: wajibu wa mzee, na ardhi ya kukimbilia ikiwa mzee amekataa. La pili halitarudi. Kwa hiyo la kwanza halina budi kuwekwa katika mapatano na katika daftari, kwa kuwa haliwezi tena kulindwa na upana wa nchi.

Tungependa kusoma kutoka kwa walimu na mapadre wa sehemu nyingine jinsi mambo haya yalivyo kwao: ni neno gani litumikalo kwa kijana aliyekwisha kuonyeshwa mahali, na kwa yule ambaye hajaonyeshwa, ni nani aliyekuwa mgawa ardhi zamani, na je, iko desturi, kama ile ya Rungwe, ya wazee kusogea kando wangali hai? Waulizeni wazee sasa, maana waliopokea viwanja katika miaka ya 1972 hadi 1976 wanapungua, nao ndio wajuao jinsi mgawo ulivyofanywa na nani waliachwa.